Vidole Viwili vya Mwenda Jean-Bosco

Swali ninalotaka tulijibu katika kurasa hizi si geni. Tulilibishania katika Chama chetu cha Kiswahili mpaka mwalimu mlezi akatuomba tutoke ili afunge mlango. Ni nini hasa kinachomfanya mtu awe mpigaji gitaa mkubwa kweli kweli? Wakubwa wetu wa Kidato cha Nne walisema ni kasi ya vidole. Wengine wakasema la, ni nguvu ya spika, ati gitaa lisilotikisa mabati ya ukumbi si gitaa. Kuna walioshikilia kuwa ni wingi wa nyimbo, na kuna msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliyesema ni machozi, yaani kama hakuna anayetokwa na chozi basi mpigaji huyo bado. Mimi nina jibu langu, lakini badala ya kulitangaza kama mgombea kiti jukwaani, nitawasimulia maisha ya mtu mmoja. Msomaji utapima mwenyewe.

Mtu huyo ni Mwenda Jean-Bosco wa Kongo, aliyezaliwa mwaka wa 1930 na kufariki mwaka wa 1990. Huenda ukaniuliza, mbona nimwandike mtu wa mbali hivyo katika gazeti la shule ya kutwa hapa kwetu? Sababu ni mbili. Ya kwanza (si Kwanza yetu hii ya mahindi, ni kwanza ya kuhesabu) ni kwamba nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili, na hili ni gazeti la Kiswahili. Ya pili ni kwamba wazee wa huku magharibi ya Kenya waliovuma kwa gitaa walimsikiliza kwa makini sana. Ukichimba chini ya muziki wa Kakamega na Bungoma wa siku zile, utakuta mizizi mingine imepita chini ya Uganda ikaenda zake hadi Katanga.

Alizaliwa Bunkeya, kijiji kilicho Katanga, kusini mwa Kongo, jirani na mji wa Likasi. Leo kwenye ramani ni nukta tu. Lakini katika karne ya 19 Bunkeya ilikuwa makao makuu ya dola yenye nguvu. Mfalme wake alikuwa Msiri, ambaye pia aliitwa Mwenda, na asili yake haikuwa huko. Alitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, akaja akifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu, na mwishowe akaishika nchi. Watu wake waliitwa Bayeke. Misafara ya wafanyabiashara ilifika kwake na bunduki, baruti na vitambaa, na pamoja na mizigo hiyo ikaleta Kiswahili. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Dola ikaanguka, lakini Kiswahili hakikwenda popote. Wabelgiji walipofungua migodi ya shaba, wachimbaji walitoka kila kabila na kila upande, na lugha waliyosikilizana kwayo ikawa hiyo hiyo.

Mwenda wetu alitoka katika jamaa hiyo ya Bayeke. Kabla hata hajashika gitaa alikuwa tayari amebeba jina zito, na mtu mwenye jina kama hilo kwa kawaida hutarajiwa awe mwamuzi wa kesi za mashamba, wala si mwimbaji.

Mji uliokuwa karibu na kwao uliitwa Jadotville wakati wa ukoloni, na kuanzia mwaka wa 1966 ukaitwa Likasi. Ulikuwa mji wa migodi, wenye mabomba ya moshi, king'ora cha kuwaita watu kazini na mishahara mwisho wa mwezi. Mahali palipo na mishahara hapakosi baa, na palipo na baa hapakosi gitaa. Santuri nazo zilikuwa zimezagaa Afrika nzima. Mmarekani mmoja aitwaye Jimmie Rodgers, aliyeimba huku akijipigia gitaa, alisikika kwenye gramafoni hata ndani kabisa ya vijiji vyetu. Wakipsigis wa Kapkatet, kule upande wa Kericho, walimtungia wimbo wakamwita Chemirocha, na wimbo wao ulirekodiwa mwaka wa 1950. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba gitaa liliwashukia Waafrika kutoka mbinguni. Lilikuja madukani, likaja kwenye santuri, na kila kabila likalitia mkono wake.

Aliyerekodi huo wimbo wa Kapkatet ndiye aliyemrekodi Mwenda pia, kwa hiyo ni haki tumtaje. Jina lake Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana ili kulima tumbaku shambani kwa kaka yake, kisha nyimbo za wafanyakazi zikamteka hata tumbaku ikasahaulika. Alizunguka nchi nyingi za Afrika na mashine zake za kurekodia. Mwaka wa 1952 alifika Jadotville akamkuta kijana wa miaka 22 ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa unafanya mambo ambayo Tracey, pamoja na kuzunguka kwake kote, hakuwa ameyazoea. Akamrekodi.

Kati ya nyimbo za wakati huo kuna moja iitwayo Masanga. Huo ndio uliomfanya Mwenda kuwa Mwenda. Mwaka huo huo wa 1952 ulipewa tuzo na chama cha African Music Society, na santuri zake zikatolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini kwa nembo ya Gallotone. Zilikuwa zile santuri za zamani nzito, za kuvunjika kama sahani, ambazo upande mmoja haukutosha zaidi ya dakika tatu hivi. Hebu fikiria. Ulikuwa na dakika tatu za kuonyesha wewe ni nani, na baada ya hapo sindano inainuka.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye kiini. Sikiliza Masanga mara ya kwanza bila kuambiwa chochote, kisha uulizwe ni watu wangapi wanaopiga. Wengi husema wawili. Wengine husema wawili na nusu. Kumbe ni mtu mmoja, tena anatumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nzito za juu likitoa besi, halipumziki wala halikimbii. Kidole cha shahada kinachezea nyuzi nyembamba za chini, na ndicho kinachoimba. Wewe unayesikia huwezi kuona mahali mmoja alipomwachia mwenzake.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Umewahi kuona akina mama wawili wakitwanga kinu kimoja? Huyu akiinua mchi, yule anashusha, na michi haigongani hata wakipiga soga. Sasa chukua kazi hiyo ya watu wawili uiweke katika kiganja cha mtu mmoja, tena umwambie aimbe juu yake. Jaribu hata kugonga dawati kwa mtindo huo, gumba peke yake na shahada peke yake, kila kimoja na mwendo wake. Baada ya nusu dakika vidole vitaanza kufuatana kama kondoo. Kuvizuia visifuatane ni kazi ya miaka.

Halafu kuna jambo la pili katika Masanga ambalo kwangu ni kubwa kuliko hilo la kwanza. Mwenda harudii. Yaani anarudia, lakini kila akizunguka anageuza kitu. Mara sauti inaanza kabla ya pale ulipoitarajia, mara anaacha pengo, mara anateremka kwa njia nyingine halafu anafika pale pale. Mtu asiye makini atasema wimbo ni ule ule dakika tatu nzima. Mtu makini atatabasamu. Ni sawa na mzee anayesimulia hadithi moja kila jioni na watoto bado wanasogea, kwa kuwa kila siku fisi anaingia kwa mlango mwingine. Mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha London, David Rycroft, alikaa akazisikiliza santuri za Mwenda akaziandika noti kwa noti, na uchambuzi wake ukachapishwa katika jarida la African Music mwaka wa 1961 na 1962. Alichoshughulikia hasa ni vile Mwenda alivyokuwa akibuni palepale anapopiga. Wakati huo kazi ya kuandikiwa noti na maprofesa ilikuwa ya akina Bach na Mozart. Kwa kijana wa Bunkeya kuandikiwa hivyo, tusidanganyane, si mchezo.

Na kwa wale wenzangu wanaoamini kwamba siri iko katika chombo, nina habari ndogo. Kampuni hiyo ya Gallo haikutoa santuri tu, ilitengeneza pia magitaa ya bei ya chini. Gitaa la kwanza la John Lennon, yule wa kundi la Beatles la Uingereza, lilikuwa Gallotone Champion lililotengenezwa Afrika Kusini. Lilikuwa gitaa la wanaoanza. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1999, liliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni laki moja na nusu. Mbao zilikuwa zile zile. Bei ilipanda kwa sababu ya aliyelishika.

Sasa tuje kwa lugha, maana mwalimu mlezi angenisuta nikiipita. Kiswahili alichoimbia Mwenda si kile cha Unguja tunachofundishwa. Ni Kiswahili cha Katanga, na watu wa huko husema batu badala ya watu, na mtoto mdogo kwao ni katoto. Hata jina lenyewe la Bayeke lina hiyo ba mbele. Mwanafunzi akiandika hivyo katika insha, kalamu nyekundu itafanya kazi mpaka wino uishe. Lakini ajabu ni kwamba sisi Wabukusu na Waluhya wengine tukisikia batu tunacheka kwa furaha, kwa sababu nyumbani nasi husema babandu au abandu. Kiswahili hicho ambacho si sanifu kilikuwa karibu na masikio ya wazee wetu kuliko kile cha vitabu. Sisemi tuache sarufi. Mtihani wa taifa haukubali batu, na mimi nataka alama. Nasema tu kwamba santuri za Katanga zilipofika hapa Kenya, hakuna aliyehitaji mkalimani.

Ndipo naye mwenyewe akafuata santuri zake. Miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda. Alikuwa na kipindi chake redioni kilichodhaminiwa na Aspro, ile dawa ya maumivu. Kwa hiyo mtu alikuwa anasikia gitaa safi kabisa halafu anakumbushwa kwamba akiumwa na kichwa kuna vidonge. Sidhani kuna tangazo la biashara lililowahi kuwapa watu faida kubwa hivyo bila wao kununua chochote. Edouard Masengo, ndugu yake wa ukoo, naye akaja Nairobi akapiga na kurekodi. Wakati huo kwao kulikuwa kumechafuka. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikajitangaza kuwa nchi yake peke yake, vita vikaendelea mpaka mwanzo wa 1963.

Kipindi cha redio kina uzuri mmoja ambao dansi haina: kinaingia nyumba ya kila mtu mwenye redio, hata yule wa mbali ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi. Vijana wa magharibi ya Kenya waliokuwa na gitaa kavu, yaani lisilo la stima, walikuwa wanasikiliza. Walikuwepo kina John Mwale. Alikuwepo George Mukabi wa upande wa Kakamega, ambaye kwa maoni yangu ndiye mkubwa wao wote. Mukabi hakumwiga Mwenda kama kasuku. Aliuchukua ule mtindo wa gumba na shahada akauingiza ndani ya mwendo wa ngoma za kwao, za sukuti, na kikazaliwa kitu ambacho Katanga haikuwa nacho, kinachoitwa omutibo. Pembeni mtu akawa anagonga chupa ya soda, aghalabu ya Fanta, ile yenye mikunjo, na chuma kidogo. Sauti ile ya chupa ukiisikia mara moja huisahau. Mukabi alifariki mwaka wa 1963 angali kijana, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru, na nyimbo zake bado zinapigwa redioni.

Wengine watauliza, mbona watu wa huku waliushika huo mtindo upesi hivyo? Jibu langu ni litungu. Babu zetu Wabukusu walikuwa na litungu lao la nyuzi saba kabla ya gitaa lolote kufika Kitale. Mpigaji wa litungu anaimba huku vidole vikizungumza naye, anajisimulia ukoo, anawataja waliokufa, na nyuzi zinajibu. Mtu aliyekua na hilo masikioni, ukimpa gitaa la nyuzi sita hatashangaa sana. Atauliza tu uzi wa saba uko wapi.

Naingia sasa katika sehemu inayotugusa sisi wanafunzi zaidi. Nyumbani kwetu wengi, ukisema unataka kujifunza gitaa, mzazi anaona chupa ya pombe, mke wa pili na shamba limeuzwa. Kuna vijana huku wamejitengenezea magitaa kwa mkebe wa Kasuku na nyaya za breki za baiskeli, na mkebe ukakanyagwa na mguu wa baba mwenye hasira. Siwalaumu wazazi. Karo ni karo, na wamewaona wapigaji waliozikwa kwa mchango. Lakini ningependa wayasikie maisha ya Mwenda baada ya Nairobi. Mtu huyu, ambaye noti zake zilikuwa zinasomwa London, sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Lubumbashi akifanya kazi kama baba yeyote mwenye watoto. Alifanya kazi benki. Alifanya kazi katika Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Alisimamia bendi, na alikuwa na hisa katika biashara ya hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Asubuhi anavaa tai anakwenda kazini, gitaa linabaki ukutani linamngoja.

Wako watakaosema kwamba hilo linampunguza, kwamba mpigaji mkubwa ni yule anayeitoa nafsi yake yote kwa muziki hata akilala njaa. Mimi siwaungi mkono hata kidogo. Njaa haijawahi kumfundisha mtu kupiga besi. Mwenda alishiba, akawalisha watu wake, na bado gumba lake halikupoteza njia. Kama kuna mzazi anayesoma gazeti hili kwa bahati nzuri, basi namwomba aisome aya hii mara mbili, halafu amrudishie kijana mkebe wake.

Hata hivyo tusifiche kwamba nyakati zilimpita kwa upande mmoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 magitaa ya stima yalishika Kongo nzima. Franco, aliyezaliwa 1938, alikuwa na bendi yake ya OK Jazz iliyoanza mwaka wa 1956, na huko Kinshasa bendi kubwa zikawa na magitaa matatu au manne, matarumbeta na wacheza dansi. Hapa ndipo wale wa spika kubwa wananiona nimeshindwa. Franco alikuwa jitu, simkatai, na matanga yake mwaka wa 1989 yalisimamisha nchi. Lakini angalia jambo moja. Katika bendi kuna anayeshika besi, kuna anayepiga katikati, kuna anayepiga juu, na kila mmoja akiteleza mwenzake humfunika. Mwenda hakuwa na wa kumfunika. Kila kosa lingesikika peupe kama kikombe kilichoanguka kanisani. Mtu mmoja aliyefanya kazi ya bendi nzima, tena kwa utulivu mpaka ikaonekana rahisi, huyo namweka mbele.

Na dunia nayo haikumsahau kabisa. Mwaka wa 1969 alialikwa Marekani akapiga katika tamasha la Newport, mahali ambapo wapigaji gitaa wa Kimarekani wenyewe hutetemeka kupanda jukwaani. Baadaye alipiga Ulaya pia. Mwaka wa 1979 Mwingereza mmoja, John Low, ambaye naye ni mpigaji, alifunga safari hadi Lubumbashi kuwatafuta wale wazee wa santuri za Katanga, Mwenda akiwa wa kwanza katika orodha, ili akae miguuni pao ajifunze. Aliandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo, kikatoka mwaka wa 1982. Ebu wazia, mtu anavuka bahari na kuja kutazama vidole viwili.

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba katika vitabu na majalada mtu huyu ana majina mawili. Hilo lilitokana na siasa. Mwaka wa 1972 Rais Mobutu, aliyekuwa ameibadilisha nchi kuwa Zaire, alipiga marufuku majina ya Kizungu, na kila mtu akatakiwa atumie jina la kiasili. Jean-Bosco, jina la mtakatifu wa Kikatoliki, halikuruhusiwa tena kwenye karatasi. Ndipo unamkuta akiitwa Mwenda wa Bayeke. Wengi walilalamika kuhusu amri ile, lakini yeye ilimpa jina la kifalme, tena lenye ba ile ya Kiswahili cha kwao.

Je, jibu langu kwa lile swali? Mimi naona mpigaji mkubwa kweli ni yule ambaye ukimsikia unatamani kupiga, wala hutamani kutupa gitaa lako mtoni. Kuna wapigaji wa kasi ambao ukiwatazama unakata tamaa. Mwenda alikuwa mgumu kumfikia, lakini mlango wake aliuacha wazi: vidole viwili, gitaa la kawaida, lugha ya watu wa kawaida. Mukabi akaingia kwa mlango huo akatoka na omutibo. Dada wa machozi wa Kidato cha Pili naye hakuwa mbali sana na ukweli, ila Masanga hauko upande wa machozi. Ukiusikia mguu ndio unaoanza.

Mwaka wa 1988 Mwenda alikuwa Cape Town, na huko akaingia studio akarekodi upya. Alikuwa na miaka 58. Ukilinganisha santuri za ujana na kanda hizo, sauti ya mwimbaji imezeeka, imekuwa nzito kidogo, kama ya mzee aliyemaliza kunywa chai akaulizwa habari za zamani. Mkono wa kulia ni ule ule. Gumba linatembea, shahada inaimba, na bado kila mzunguko anageuza kitu.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1990, alipata ajali ya gari nchini Zambia akafa. Alikuwa na umri wa miaka 60. Kanda za Cape Town zilitolewa Marekani yeye akiwa amekwisha kuzikwa, na kwenye jalada wameandika jina lake la Bunkeya, Mwenda wa Bayeke.